Mashine ya Kusimamia na Mteremko wa Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Bega lake la kulia lilikuwa limelala kuliko la kushoto, ndiyo maana pale hospitalini walimwita Kibega, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kwa miaka mingi alikata majani ya uwanja ule kwa mashine ya kuning'iniza begani, ile yenye fimbo ndefu inayonguruma siku nzima. Mkanda ulimla bega taratibu. Siku moja msimamizi wa bustani, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alipomwita na kumwambia kuwa hospitali imenunua mashine ya kusimamia, Kibega alishtuka.

"Ya kunisimamia mimi?"

"Unasimama juu yake, baba. Inakubeba huku inakata."

Akaenda kuiona. Haikuwa na kiti wala usukani. Nyuma ilikuwa na kibao cha kuweka miguu, na mbele ya tumbo vishikio viwili. Fundi aliyeileta alimwonyesha: ukivisukuma inakwenda mbele, ukivivuta inarudi nyuma, ukisukuma kimoja inageuka.

"Breki iko wapi?" Kibega aliuliza, mguu ukipapasa.

"Ya mguu hakuna. Rudisha vishikio katikati, itasimama. Ukiona hatari, shuka kwa nyuma. Miguu ikiondoka kwenye kibao, inajizima yenyewe."

Kibega akatikisa kichwa. Mashine ya kuizima kwa kuikimbia!

Kuhusu mteremko, fundi alisema mengi kwa pumzi moja. Pita kwa ubavu, usiteremke moja kwa moja. Nenda polepole. Ukigeuka, geukia upande wa juu. Mtaro wa kule chini kaa nao mbali. Majani yakiwa na maji, usithubutu. Kisha akaonyesha kibandiko kilichokataza mteremko unaozidi digrii kumi na tano, akapanda pikipiki yake akaondoka. Kibega alibaki akiutazama mteremko wa nyuma ya chumba cha kufulia, akijaribu kuziona hizo digrii. Aliona majani tu.

Jioni aliwasimulia nyumbani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwepo, naye alikuwa dereva wa mashine ya kukata majani yenye kiti kwenye uwanja wa mpira.

"Nani kakudanganya, shem?" alisema, akiweka kikombe chini. "Ukipita kwa ubavu unapinduka. Mimi nimeona mtu akilaliwa na mashine. Panda na kushuka, basi."

"Fundi kasema ubavu."

"Fundi anauza. Mimi naendesha."

Mkewe Kibega akadakia kutoka jikoni, "Kaka hajawahi kupinduka, baba watoto. Msikilize."

Kesho yake Kibega akaenda kazini na vichwa viwili. Akamuuliza msimamizi. Msimamizi akampigia fundi, simu haikupokelewa. "Anza kule tambarare," akasema, akaingia kwenye kikao.

Tambarare iliisha mapema. Mashine ilikwenda kama maji, bega likapumzika, na Kibega akaanza kujisikia bwana. Akaona hakuna ubaya kuonja mteremko. Njia mbili zilimshinda fisi, naye akajaribu zote mbili. Alianza kwa ubavu kule juu, ikatulia vizuri. Alipofika katikati akaikumbuka sauti ya shemeji: unapinduka. Akageuza pua ya mashine chini.

Hakujua kuwa maji ya kufulia yalikuwa yamevuja usiku, na majani ya chini yalikuwa yameloa. Magurudumu ya nyuma yakateleza. Akatafuta breki kwa mguu, hakuna. Akashika vishikio kwa nguvu ili asianguke, na kwa kuvishika akavisukuma, na kwa kuvisukuma mashine ikaongeza mbio kuelekea mtaroni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mashuka akapiga kelele, "Achia! Achia!"

Achia nini? Dakika ile Kibega hakuelewa. Lakini miguu ilielewa, au iliteleza. Alijikuta amekaa kwenye majani, suruali imelowa, injini imenyamaza, gurudumu moja la mbele linaning'inia juu ya mtaro.

"Umeruka vizuri," alisema yule mwanamke, akimkimbilia.

"Hakuruka, karushwa," akasema mwenzake aliyetoka na beseni.

Wakamgeukia yeye awaamue. Kibega alijipapasa magoti, akasema hajui.

Mchana fundi alirudi, akiwa na msimamizi. Alilaza ubao kwenye majani ya juu, akaweka simu yake juu ya ubao, nayo ikasoma digrii kumi na mbili. Chini, karibu na mtaro, ikasoma ishirini na mbili.

"Huku chini hii mashine haishuki kabisa, hata siku ya jua," fundi akasema. "Utakata kwa ile ya begani."

"Shemeji yangu anasema tupande na kushuka."

"Ana mashine gani?"

"Ya kiti."

"Basi kasema kweli. Ile ya kwake uzito wake uko juu, inapinduka kwa ubavu. Hii uzito wake uko chini, lakini ikiteremka unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanayoiendesha yanakosa kushika."

Msimamizi akaagiza vigingi vipigwe mahali mteremko unapozidi, kisha akamgeukia Kibega. "Na wewe, ukichanganyikiwa, simama. Usijaribu."

"Nilisimama, mama. Yenyewe ndiyo haikusimama."

Msimamizi akacheka hadi akashika mlingoti wa kamba ya kuanikia.

Usiku ule Kibega alieleza nyumbani, akitumia sahani kama mteremko na kijiko kama mashine. Mkewe alifuatilia, akauliza, "Kwa hiyo nani alikuwa sahihi, fundi au kaka?"

"Wote."

"Mmoja kasema ubavu, mwingine kasema panda na kushuka, wote sahihi?"

"Mashine ni tofauti."

"Sasa wewe ulikosea wapi?"

Kibega aliinua kijiko, akakiweka kwa ubavu, akakigeuza, akakirudisha.

"Ngoja kwanza," akasema.