Bibi Apimwa Mwendo

"Bibi, kwa nini hukuwapita tu?" Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, tukirudi kutoka zahanati. Akaniambia nifunge mdomo, vumbi litaingia.

Bibi huyu, mzaa mama, amekuwa dobi maisha yake yote. Mpaka leo ukimtokea na shati lenye makunyanzi anakutazama kama umemtukana. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, na ngazi hizo ndizo zilizoleta maneno.

"Mama, utakuja kuanguka," mjomba alisema. "Hamia kwangu."

"Kwako kuna televisheni tu. Nitabishana na nani?"

Ndipo wakaja zahanati watafiti waliokuwa wakipima nguvu za wazee katika nchi nyingi, kwa vipimo vilevile kila mahali. Mjomba akapata pa kushikia: "Ukifaulu, sikusumbui tena. Ukishindwa, tunafunga virago." Bibi akakubali.

Kifaa cha kupima nguvu za kiganja alikikamua kama suruali nzito ya jinzi, mpaka kijana wa vipimo akakikagua kama hakijavunjika. Kuinuka kitini bila kushika popote, aliguna kidogo, akainuka. Ukabaki mwendo: kutoka mstari huu hadi ule, utembee kama siku zote. Tatizo, wazee waliosubiri zamu walikuwa wamekaa kando ya njia hiyohiyo.

"Habari za nyumbani, kaka? Mke hajambo? Na wewe jirani, kikohozi kimepoa?" Saa inakimbia, bibi anashikana mikono.

Kijana akatikisa kichwa. "Bibi, kwa muda huu inaonekana hujiwezi kabisa."

"Si nilisema!" Mjomba akasimama.

"Ulisema nini? Nimeambiwa nitembee kama siku zote. Siku zote huwa napita watu kama mbuzi? Turudie."

Kijana akacheka, akawahamishia wazee upande wa pili wa ukumbi. Bibi akaondoka kama mtu aliyeona mvua inakuja na nguo za watu bado ziko kambani. Mjomba akakaa chini.

Sasa niko kidato cha tatu, na ngazi zile bado nazipanda nikihema huku yeye yuko juu ananicheka. Juzi nikamuuliza tena. Akachungulia kwanza mlangoni, mjomba asije akawa nyuma yangu.

"Goti lilikuwa linauma, mjukuu wangu. Goti la asubuhi ni kama pasi ya mkaa, lazima lipate moto kwanza. Sasa ningesimamasimama vipi mbele ya mjomba wako bila kusalimia watu?"