Mouse ikiwa mjini Wote ni nzima, ikifika Matiliku inaganda

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni mzee. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe. Lakini maneno ni ya kweli. Mwenye cyber yuko hapa nyuma yangu anasoma kila mstari, hata nikitaka kuongeza chumvi hataniachia.

Nimesoma nyuzi nyingi hapa za watu wanaolia mouse inaganda. Mnaambiana badilisha port, update driver, nunua mpya. Sisi tulifanya yote hayo. Kitu kilichokuwa kinatusumbua sijaona mtu amekitaja, ndiyo nikasema wacha niandike.

Nianze na binti yangu.

Anaitwa Ndinda. Hilo ni jina la mama yangu, maana kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba. Kwa hivyo mimi namuita mwaitu, yaani mama, na mke wangu akiwa na furaha humuita mama mkwe. Ndinda akiwa mdogo, akigombezwa kwa kumwaga uji, alikuwa anashika kiuno na kumuuliza mama yake, "Huyu mwanamke mwanangu alimtoa wapi?" Tunacheka mpaka ile kesi ya uji inaisha.

Na marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Mwanamke mfupi, sauti kama filimbi ya refa. Kuna siku alimfuata mbuzi wake mpaka kwa chifu, akaingia naye ofisini... tuwache hiyo ya mbuzi, nitapotea.

Ndinda alikuwa anashona nguo kwa kampuni moja huko Athi River. Mtoto wake tulimlea sisi. Akachoka kumuona mtoto Krismasi na Pasaka peke yake. Akaweka akiba, akarudi na kompyuta tatu, akafungua cyber hapa sokoni Matiliku, kati ya duka la mbolea na kinyozi.

Nilipaka ukuta rangi mimi mwenyewe. Mke wangu naye alikuwa ameenda Kitui kumuona dada yake, akarudi na uzi mweupe, akaanza kufuma. Nyinyi mnajua nyumba zetu. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jagi ya maji ina kitambaa. Siku ya kufungua cyber, kila meza ilikuwa na chake, maua makubwa yamefumwa, kama meza ya maharusi.

Watu waliingia. Halafu mouse zikaanza.

Unasukuma, mshale unaenda kidogo, unasimama. Unasukuma tena, unaruka mpaka kona ya screen, unakwama huko kama mtu anayejificha deni. Na si kompyuta moja, ni zote tatu.

Ndinda alizima akawasha. Alitoa waya akachomeka nyuma, akachomeka mbele. Akaweka driver mpya. Akapuliza, akapangusa tumbo la mouse na spiriti. Akaazima mouse ya shule. Hiyo ya shule nayo ikaganda, mpaka mwenyewe akaja kuichukua akifikiri tumemharibia.

Nikafunga mashine moja na mouse yake kwa gunia safi, nikapanda boda mpaka Wote kwa fundi Kyalo. Kyalo akaiweka kwa meza yake ya mbao, akasukuma mouse, mshale ukakimbia kama sungura. Akakaa nayo mpaka jioni. Haikuganda hata kidogo.

Akaniambia, "Mzee, hii mashine haina ugonjwa. Mbebe mgonjwa wako uende."

Nikarudi Matiliku. Tukaweka juu ya meza. Ikaganda.

Hapo jirani yetu Mutiso, mwenye duka la mbolea, akapata kazi ya mdomo. Mutiso ni rafiki yangu tangu tukichunga pamoja, lakini mdomo wake haukupewa mlango. Kwa Kikamba panya ni mbia. Kwa hivyo kila asubuhi alikuwa anachungulia na kuuliza, "Ile mbia bado imekataa kutembea? Nilete paka?"

Tulicheka. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mke wangu ametoka Kitui, upande wa Mutomo. Na mnajua vile watu huku Makueni hupenda kuwatania watu wa Kitui na mambo ya waganga. Siku moja Mutiso akasema mbele ya wateja kwamba mashine ikiwa Wote ni nzima, ikiingia chumba hiki inaugua, sasa watu wajiulize chumba kilipambwa na nani na uzi ulitoka wapi.

Alisema akicheka. Waliosikia hawakubeba kile kicheko, walibeba maneno tu.

Mke wangu yalimfikia akiwa kwa kinu cha kusaga. Alikuwa ananiletea chakula cha mchana pale cyber kila siku, na tangu siku hiyo akawa ananifungia asubuhi nibebe mwenyewe.

Wateja wakaanza kupita mlango wetu wakienda kwa cyber ile ya karibu na stage. Ndinda akaniambia akifagia, bila kuniangalia: "Baba, shule zikifunguliwa na hii kitu haijakaa sawa, nauza mashine. Athi River wananishikia nafasi bado."

Nikamuuliza kama mtoto ameshaambiwa. Akaendelea kufagia.

Wakuu, mtoto huyo alikuwa ameanza kumzoea mama yake. Alikuwa ameacha kumuita kwa jina.

Nikamuita pasta. Akasema atakuja Jumamosi kuombea chumba. Mke wangu akasema mtumishi wa Mungu asikute uchafu, akanituma nirudi na vitambaa vyote nyumbani, akaviloweka.

Jumamosi pasta akaomba. Akaweka mkono juu ya kila mashine. Tukafungua macho, Ndinda akashika mouse, ikateleza kama imepakwa mafuta. Siku nzima! Hakuna kuganda.

Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda. Na mimi nikipewa kipaza sauti sijui kukirudisha. Nikaanza na ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yangu, nikapitia Athi River, nikamaliza na mouse. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu nikarudisha vitambaa cyber, vimepigwa pasi, vimenyooka.

Mouse zikaganda zote.

Nilikutana na pasta njiani akaniuliza kama ushuhuda unaendelea. Nikamwambia unaendelea vizuri. Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka.

Wiki hiyo hiyo akaja mwalimu mmoja wa kike, anataka kuomba uhamisho online aende karibu na mume wake. Mshale ukakwama. Ukakwama tena. Akainuka, akasema asante, akaenda. Afadhali angetugombeza.

Ndinda akaibeba ile mouse kwa hasira akaisugua kwa paja, juu ya jeans, kama mtu anapangusa embe. Na mimi nilikuwa nimeangalia screen.

Mshale ulikuwa unakimbia.

Nikamwambia, "Mwaitu, sugua tena." Akasugua. Ukakimbia. Akaiweka mezani, ukafa. Nikavua kofia yangu, akaiweka juu ya kofia, ukakimbia. Juu ya katoni ya karatasi, ukakimbia. Tulikuwa kama watoto wamepata mpira.

Halafu akainua kitambaa, akakishika juu ya ile taa nyekundu ya tumbo la mouse. Taa ikapita kwa matundu ya maua, ikatokea upande wa pili.

Nilivyoelewa mimi ni hivi: ile taa inaangalia chini ijue imesogea wapi. Mahali imekaa juu ya uzi inaona, mahali imekaa juu ya tundu inapotea. Hapo ndipo inaganda. Jumamosi ile meza zilikuwa wazi, vitambaa vikiwa kwa beseni. Sisemi maombi hayakusikika. Pengine Mungu alituonyesha, na sisi tukarudisha vitambaa.

Furaha haikukaa sana. Tuliketi tukaangalia kile kitambaa kama watu waliokamata mwizi wakakuta ni ndugu yao.

Maana tutamwambiaje? Mama anatukanwa sokoni kwamba vitambaa vyake vimeharibu mashine, na sasa tumfuate nyumbani tumwambie ni kweli.

Nikatoa shauri la kizee: tuseme serikali imekataza vitambaa kwa cyber. Ndinda akakataa. Akasema tukiviondoa kimya kimya, mama atajua tumemuamini Mutiso.

Jioni mke wangu alikuwa nje anachambua ndengu kwa uteo, anatoa mawe. Ndinda akasimama mbele yake, akashika kiuno, akatoa ile sauti ya filimbi. Mimi nywele zilisimama, nilimsikia marehemu.

"Wewe mke wa mwanangu. Nimekuja na kesi."

Mke wangu hakuinua kichwa. "Mama mkwe, kesi haisikizwi imesimama. Kaa."

Akakaa. "Vitambaa ulivyonifumia ni vizuri kuliko vyangu vya ujana. Lakini mouse haioni juu ya matundu. Nimejaribu na paja, nimejaribu na kofia ya huyu mwanangu mchafu. Ni matundu."

Mkono wa mke wangu ukasimama kwa ndengu. Tulisikia kuku wakipanda mti kulala.

Akauliza, sasa kwa sauti ya kawaida, "Kwa hivyo Mutiso alisema ukweli?"

"Mutiso alisema uchawi, mama. Mimi nasema matundu."

Mke wangu akachambua kidogo. Akatupa jiwe. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Akaniuliza kama ni kweli nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kitambaa kimefuliwa. Alicheka mpaka ndengu zikamwagika.

Asubuhi alifika sokoni kabla yetu. Akamuita Mutiso kutoka kwa mbolea zake, akaita kinyozi, akaita na mama wa mboga. Akaweka mouse juu ya kitambaa, akamwambia Mutiso asukume.

Ikaganda. Watu wakaangaliana.

Akavuta kitambaa, akaweka mouse juu ya kipande cha katoni. "Sukuma."

Ikaenda.

Akainua kitambaa mbele ya uso wa Mutiso, wakaonana kupitia maua. "Huu ndio uganga wa Kitui. Ni matundu. Ukitaka na wewe ulogwe, leta uzi nikufumie."

Mutiso alirudia mwenyewe, kitambaa, katoni, kitambaa, katoni, kama mtoto na swichi ya taa. Halafu akasema, polepole, "Mama Ndinda, nilizungumza vibaya." Mke wangu akamwambia ulivyotangaza yale ndivyo utangaze na haya. Na ule mdomo kwa mara ya kwanza ulifanya kazi nzuri. Kufika saa sita soko lote lilikuwa na habari, na watu wengine waliingia kujaribu tu, wakaona afadhali wachapishe kitu.

Siwadanganyi, wakuu, kule stage bado wanatushinda watu. Lakini yule mwalimu alirudi akamaliza maombi yake, na siku hizi kuna saa mashine zote tatu zimekaliwa na wengine wanangoja kwa benchi.

Juzi nilimkuta Ndinda anapunguza urefu wa sare ya mtoto, ya shule ya hapa Matiliku. Anashona kama mtu wa Athi River, haraka, hata haangalii. Sikumuuliza mambo ya nafasi yake huko. Nikapita kama sijaona.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kikiwa kizima kwa mwingine na kwako ni kigonjwa, kabla hujauliza ni nani amekiroga, inua uangalie chini yake kuna nini.

Sasa nyinyi wenye mouse za kuganda, kabla hamjafika kwa mambo ya driver, niandikieni hapo chini: mmeziweka juu ya nini?