Jinsi darasa letu la cloud Masasi lilivyoufuta mfumo wa maji wa mtaa mzima kule Newala

Wakuu, habari za mchana.

Ninachoweka hapa hakina chumvi. Huku kwetu chumvi tunaweka kwenye korosho, kwenye habari hatuweki. Majina nimebadilisha na mtaa sitautaja, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Masasi, upande wa Mkomaindo. Nilifanya kazi ya programming Dar kwa miaka kadhaa, kisha mume wangu akahamishiwa kufundisha huku, tukarudi wote. Kazi zangu nafanya kwa laptop, na mbele ya nyumba nina kisteshenari, naprinti na kutoa kopi.

Hiyo steshenari ndiyo iliyonikutanisha na vijana.

Wanakuja kuprinti CV. Nasoma: diploma ya IT, ametengeneza mfumo wa shule, mfumo wa duka, mfumo wa zahanati. Namuuliza, "Mfumo wenyewe uko wapi niuone?"

"Uko kwenye laptop yangu, dada."

Mwingine laptop imeshakufa, na mfumo umekufa nayo.

Wakuu, hilo liliniuma. Ni sawa na fundi anayejenga nyumba nzuri halafu hakuna barabara ya kuifikia. Nikaamua nitawafundisha cloud, iwe isiwe.

Kwa asiyejua: cloud ni kompyuta za watu zilizoko mbali, zinawaka muda wote. Unaweka mfumo wako kule, watu wanautumia kwa simu zao hata kama laptop yako umeizima na uko shamba.

Kanisa letu likaniazima chumba siku za Jumamosi. Nikabandika tangazo mlangoni: MAFUNZO YA CLOUD, NJOO UJIFUNZE KUTUMIA MAWINGU.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mkulima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnafundisha mawingu. Mikorosho yangu imeanza kutoa maua, hebu niambie, hii mvua ya nje ya msimu itanyesha au itatupita?"

Nilimweleza taratibu mpaka akaelewa. Akacheka sana. Alikaa mpaka mwisho, akanywa chai yetu, akaaga kwa amani. Tangazo nikalibadilisha.

Vijana walikuja, Waislamu kwa Wakristo, wengine kutoka Ndanda, mmoja Tandahimba. Kikwazo cha kwanza kikawa kadi ya benki. Kufungua akaunti ya cloud wanataka kadi, na vijana wengi hawana. Wachache waliokuwa nazo walikuwa wanaogopa kuziweka mtandaoni, na siwalaumu.

Hatukusubiri. Nikakusanya kompyuta chakavu, tukaziunganisha kwa waya, ikawa cloud yetu ya mezani. Unawasha server, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, unaiua, unaiwasha tena. Umeme ukikatika tunafundishana kwenye ubao. Walipozoea, nikafungua akaunti moja ya kweli kwa kadi yangu, ile sehemu ya bure ya kujaribia, nikampa kila mmoja ufunguo wake wa kuingilia.

Sheria ilikuwa moja tu: kuharibu ruksa, kuficha ulichoharibu ni marufuku.

Sasa nije kwa Somoe.

Somoe ni binti wa Newala, amemaliza diploma, mkimya, anatafuna kucha akiwaza. Alikuwa anashuka kutoka Newala asubuhi kuja darasani na kurudi jioni. Siku tuliyosema kila mtu alete wazo la mfumo wa kweli, wenzake walileta maduka ya mtandaoni. Yeye akasema, "Mimi nataka maji."

Wenzangu wa Newala mnajua. Pale juu maji ni kwa zamu. Yanapandishwa kutoka bondeni, leo mtaa huu, kesho mtaa ule, na saa hasa ya kufunguliwa huijui. Mama yake Somoe alikuwa anaamka alfajiri kwenda kupanga ndoo kituoni, anakaa mpaka jua linakuwa kali, anarudi na ndoo tupu. Akishafika nyumbani ndiyo maji yanaanza kutoka.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Pale kituoni yupo mama anayesimamia bomba, Bi Esha. Maji yakianza kutoka, Bi Esha anatuma meseji moja kwenye mfumo. Mfumo unawatumia wote waliojiandikisha: "Maji yanatoka." Basi. Simu ya tochi inatosha.

Akaujenga akisaidiwa na Lukas, kijana wa Ndanda anayeshinda kwenye karakana ya kuchomelea lakini Linux anaijua kama sala. Wakauweka kwenye cloud. Mwenyekiti wa mtaa alikataa mwanzoni, akasema utapeli wote wa siku hizi unaanzia kwenye meseji. Bi Esha ndiye aliyemshawishi.

Mfumo ukafanya kazi. Mama yake Somoe akaanza kwenda shamba asubuhi kama watu wengine, simu iko kwenye pindo la kanga, ikilia anarudi. Wanawake wa mtaa wakajiandikisha, wakaleta na majirani. Somoe akaanza kutembea kichwa juu.

Halafu ndiyo picha likaanza.

Jumamosi moja mchana, darasani, tulikuwa tunasafisha server za mazoezi. Somoe alikuwa na script, yaani amri zilizopangwa kwenye faili moja, ya kufuta kila kitu kwenye project. Alidhani yuko kwenye project ya mazoezi. Kumbe terminal yake, lile dirisha la kuandikia amri, ilibaki kwenye project ya maji, alikuwa amerekebisha kitu asubuhi.

Akabonyeza.

Server ikaenda, database yenye namba ikaenda. Na backup, zile nakala za akiba, zilikuwa kwenye project ileile, zikaenda pamoja. Namba zote za wale akina mama hazikuwa tena sehemu yoyote duniani.

Mimi sikujua. Nilimwona amefunga laptop, akasema kichwa kinamuuma, anawahi gari.

Jumatatu Lukas akanipigia. "Dada, mfumo wa maji haujibu. Na Somoe hapatikani." Akaingia kuangalia, akakuta hakuna kitu. Historia ya akaunti ikaonyesha ufunguo wa nani ulifuta.

Kilichotuumiza zaidi tulikisikia baadaye. Jumapili ile mtaani kulikuwa na msiba. Mama mmoja, tumwite Mama Saidi, alifiwa na mumewe. Wanawake walikuwa wamekaa msibani, kila mmoja na simu yake, wanasubiri meseji waende kuchota maji ya kuoshea maiti na ya kupikia waombolezaji. Bi Esha alituma kama kawaida. Hakuna simu iliyolia. Maji yakaja, yakakatika. Ilibidi wapite nyumba kwa nyumba wakiomba nusu ndoo hapa, dumu moja pale.

Marehemu aliogeshwa kwa maji ya kuombaomba. Naomba mlielewe hilo kwa uzito wake.

Lukas akasema, "Dada, nipe ruhusa. Nikikaa leo nzima naujenga upya, namba tutaandikisha tena."

Na angeweza. Hata mimi ningeweza. Nikamwambia aweke cha muda tu, kipeleke meseji ya Bi Esha kwa mwenyekiti ili atangaze kwa mdomo na kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mfumo wenyewe asiuguse.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tukiujenga sisi, yule binti hatashika kompyuta tena maisha yake yote."

Kesho yake nikapanda gari la asubuhi la Newala.

Nyumbani kwao nilimkuta mama yake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umemfuata huyo? Hali chakula, hasemi. Yuko shamba anafyeka tu."

Nilimkuta chini ya mikorosho, anafyeka majani kwa hasira kama yamemkosea. Aliponiona akasimama. Hakunisalimia.

"Dada, mimi nimeacha. Tafuta mtu mwingine."

"Sijaja kutafuta mtu mwingine."

"Watu wameomba maji ya kuoshea maiti kwa sababu yangu!"

"Najua. Ndiyo maana utaenda kuwaambia."

Akaanza kulia. Nikamwacha alie. Kisha nikamwambia ukweli wangu, wakuu, na narudia hapa: kila mtu niliyefanya naye kazi Dar anayeaminiwa kushika server za maana, aliwahi kufuta kitu kisichofutwa. Yule ambaye hajawahi, hajapewa bado kitu cha maana akishike. Ila wote waliobaki kazini walisema siku ileile. Yeye alifunga laptop akaondoka. Angesema Jumamosi, Jumapili wale mama wangejua wasitegemee simu.

Akafuta panga lake kwa majani, akasema, "Twende."

Mwenyekiti alikuwa ameitisha kikao pale kituoni jioni. Wanawake wamekaa juu ya ndoo walizozifudikiza. Somoe akasimama mbele yao, miguu ina vumbi la shamba.

"Shikamooni mama zangu. Mfumo haukuharibika wenyewe. Ni mimi niliyeufuta, kwa bahati mbaya, na niliogopa kusema. Mama Saidi, naomba unisamehe."

Mtu mmoja nyuma akaguna.

Mama Saidi alikuwepo, amejifunika, yuko eda, alikuja kwa ajili ya maji tu. Akasema taratibu, "Mwanangu, mume wangu ameshazikwa, na alizikwa safi. Lakini kabla ya hizo meseji zako mimi nilikuwa naishi na ndoo kama mtoto mgongoni. Sitaki kurudi huko. Kulia utalia baadaye. Tengeneza."

Mwenyekiti hakuridhika. "Na mimi nitajuaje kuwa hautazima tena?"

Nilitegemea Somoe ataahidi. Hakuahidi.

"Utazima, mwenyekiti. Hakuna kitu kisichozima. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba nitauinua."

"Basi siku ukiwa tayari, niinulie nione kwa macho yangu."

Ile kauli ndiyo ikawa mtihani wetu.

Somoe alihamia pale kituoni. Alikaa foleni na akina mama, laptop kwenye mapaja, anaandikisha namba upya mmojammoja. Waliomsema sana ndio waliomletea uji. Jumamosi anashuka Masasi, tunajenga. Safari hii tulitenganisha akaunti ya mazoezi na ya kazi kabisa, mtu asiweze kuchanganya hata akitaka. Backup ikawekwa sehemu nyingine ambayo ufunguo wa Somoe hauwezi kuifuta. Na mfumo wote, server, database, kila kitu, ukaandikwa kwenye script moja, ili ukianguka unauinua kwa amri moja, pamoja na namba kutoka kwenye backup, badala ya kukumbuka ulibonyeza wapi.

Tukajizoeza kama wanajeshi. Lukas anaua, Somoe anainua. Anaua tena, anainua tena. Mara ya kwanza alikagua kila herufi kabla ya kubonyeza. Mwishoni alikuwa anainua huku anapiga stori.

Siku ikafika. Kituoni, mwenyekiti kiti cha mbele, wanawake wamejaa. Bi Esha bombani na simu yake, apewe ishara atume meseji ya majaribio.

Somoe akamgeuzia mwenyekiti laptop. "Huu hapa mfumo, unafanya kazi. Sasa naufuta."

"Unaufuta kweli?"

"Kweli."

Akafuta. Mwenyekiti akajaribu kutuma meseji kwa simu yake mwenyewe, hola. Mama yake Somoe aliziba macho kwa kanga. Mimi naangalia alama ya mtandao, maana mtandao wa Newala mnaujua, ukiamua kugoma unagoma.

Somoe akaandika amri yake, akabonyeza, akakunja mikono.

Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. Ikafika mahali ikasimama. Bando? Mtandao? Ikaendelea.

Mwenyekiti naye akaona huo ndio wakati wa kutoa hotuba. Akasimama, akaanza, "Ndugu wananchi, teknolojia ni kitu ambacho kinahitaji umakini, na mimi kama mwenyekiti wenu..."

Simu ikalia. Ikalia nyingine. Zikalia zote, kama vyura baada ya mvua.

Somoe akamgeukia Bi Esha. "Bibi, si nilisema usubiri ishara yangu?"

Bi Esha akapiga kelele kutoka bombani, "Ishara ya nini? Maji yanatoka!"

Wakuu, sijawahi kuona kikao kikivunjika vile. Ndoo zikageuzwa, kanga zikafungwa viunoni, mwenyekiti akabaki anahutubia kiti chake na mimi. Akanitazama, akatazama simu yake, akasema, "Ngoja na mimi nikamwambie mke wangu." Akaondoka.

Somoe alikuwa ameshafunga laptop. Nilimwona kwenye foleni na ndoo ya mama yake, anasukumana na wenzake.

Nilichojifunza: ukitaka kumfundisha mtu cloud, usimpe video peke yake. Mpe mahali pa kuharibu pasipomuumiza mtu, kisha mpe kitu ambacho watu wanakihitaji kweli. Vyote viwili, na ukuta katikati. Na akianguka, usimwinulie mfumo. Simama pembeni yake, auinue mwenyewe.

Sasa uwanja ni wenu. Nani mwingine anafundisha vijana wa mikoani mambo haya, na suala la kadi mnalitatuaje? Na wewe uliyewahi kufuta kitu kazini ukanyamaza, jimwage hapa, hatukucheki. Wataalamu mnaoona tulipokosea kiufundi, semeni bila kutuonea aibu, Somoe ni member humu na anasoma.