Kioo cha Mwisho cha Bi Mwanaharusi

Wanaosema Bi Mwanaharusi wa Kibiti alikuwa mke wa mpiga picha tu, wananikera. Bila yeye mie Mwanaamina nisingemjua baba yangu, kwa hiyo nyamazeni niwaeleze.

Mumewe, Abdalah, alimbebea mizigo mpiga picha mmoja Dar es Salaam, akarudi na sanduku la picha lililochakaa. Akawa anapiga picha uani, juani. Zama hizo picha ilinaswa kwenye kioo, na kazi ya mkewe ilikuwa kuosha vioo gizani.

Vita vya Maji Maji vilipopamba moto, baba yangu Nassibu alikamatwa milimani Umatumbi, akafungwa Kilwa. Mama yangu, Mwamini, alikimbilia Kibiti na mimba yake, nyumba imechomwa, hana hata cha kula. Bi Mwanaharusi akampokea, nikazaliwa kwake. Nina siku kumi na mbili ikaja habari: baba kaambiwa mkewe kafa njaa na mimba yake, naye kagoma kula. Mfaume, mpagazi jirani yetu, alikuwa aende Kilwa kesho yake alfajiri.

"Tumpelekee picha," Abdalah akasema. "Kioo kimebaki kimoja. Mtoeni mtoto uani."

"Uani? Na arobaini haijaisha? Una wazimu?" Bi Mwanaharusi akamkemea.

Kwetu kichanga hatolewi nje kabla ya siku arobaini, na mwanamume wa kando haingii chumba cha mzazi. Basi akabaki yeye, ambaye hajapiga picha hata moja.

Wallahi, mwanamke yule! Alimkalisha mama mkekani, ubavu kwenye mlango ulio wazi. Shavu moja likapata mwanga, la pili likabaki giza. Akachomoa kanzu nyeupe ya Ijumaa ya mumewe, akaitundika upande wa giza ili irudishe mwanga.

"Kanzu yangu jamani!" Abdalah akalalamika huko uani.

Sanduku akaliweka juu ya kinu kilichopinduliwa. "Jifunike leso kifuani umnyonyeshe, atulie, uso wake uonekane," akamwambia mama. Akafunua jicho la sanduku, akahesabu mpaka nane. Kwenye sita, mie nikarusha mguu.

Alipokiosha kioo alilia. Mama katoka vizuri, mie nimefumba macho, na mguu wangu umekuwa ukungu mtupu. "Nimeharibu! Kioo cha mwisho!" Hata hivyo wakaichapa karatasini juani, Mfaume akaondoka nayo.

Baba alirudi baada ya miaka miwili, mifupa mitupu, picha kaificha kifuani. Hakuingia hata kwa mama kwanza. Alimshika Bi Mwanaharusi mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Ahsante, dada yangu. Wenzangu walisema mke mzima, lakini mtoto huyo kafumba macho, pengine maiti. Nikawaonyesha ule mguu wenye ukungu: maiti harushi mguu. Siku ileile nikaomba uji."