Siku Tatu Nyuma ya Mlango wa Waya

Wajukuu wangu wakiulizwa kazi ya babu yao ilianzaje, husema ilianza kwa nyundo moja na moyo mgumu. Mimi huwa nimeketi papo hapo, nasikia, sitii neno. Nyundo ilikuwapo, ni kweli. Lakini ulikuwapo pia mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Likoni, na habari ya mlango ule sijapata kumwambia hata mmoja wao. Majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, na ya baba zao. Sitayaandika. Aibu ni yangu, wao wapumzike.

Mume wangu alikuwa seremala. Alifanya kazi Changamwe kwa miaka mitano, kwa fundi mmoja mwenye karakana, wakitengeneza madirisha ya nyumba za Wazungu. Huko ndiko alikojifunza kutia waya wa mbu. Akagundua kwamba nyumba za Wazungu zilizo upande wetu, zile zilizojengwa juu ya majabali kukabili bahari, waya wake unaliwa na chumvi. Mwaka wa pili ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Na fundi wa kuubadilisha mpaka aitwe ng'ambo, avuke kwa feri na vyombo vyake. Akaniambia kazi inatungoja hapa, naye kila alfajiri anaikimbia kwenda Changamwe. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Akaacha kazi ya watu, akaanza yake.

Tulianzia uani kwetu. Alikuwa akipasua mbao, anaunga fremu, kisha anailaza chini na kuweka vigogo viwili chini ya ncha zake. Mimi nakaa katikati. Fremu inapinda kwa uzito wangu, naye anapigilia waya ncha hii na ncha ile, kisha ananiambia inuka. Nikiinuka, fremu inajinyoosha na waya unakazika kama ngozi ya ngoma. Jirani yetu mmoja, Mgiriama, mwanamke wa maneno, alikuwa akichungulia juu ya ua na kusema, "Wenzio waume zao wawanunulia viti. Wewe wakalizwa madirishani." Tukicheka sote. Nilikuwa na uzito wa kufaa siku hizo.

Baadaye nikapata kazi yangu mwenyewe katika kazi ile. Waya ukitoboka tundu dogo, mafundi wengine walikuwa wakiweka kiraka, kinaonekana kama donda. Mimi nilichomoa nyuzi katika vipande vilivyobaki, nikaziba tundu uzi kwa uzi, juu, chini, juu, chini, mpaka huoni palipokuwa pameharibika. Wenye nyumba walistaajabu. Haikuwa ajabu. Mkono ule nilifundishwa na shangazi yangu, dada wa baba, ambaye alikuwa fundi wa kofia za kushona, zile zenye matundu madogo madogo kama macho ya samaki. Mama yangu alifariki sijabadili meno. Shangazi ndiye aliyenichukua, akanilea, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akaniozesha. Nilipoolewa niliishi njia ya pili kutoka kwake.

Kila alasiri alikuwa akija na kitambaa alichokichoma sindano kumi. Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Kushona aliweza, kwa vidole, kwa mazoea ya miaka arubaini, lakini kutia uzi kwenye sindano hakuweza tena. Nilimtilia zote kumi, akaenda zake, zikamtosha mpaka kesho. Hakuna aliyejua ila mimi. Alinikanya mara moja tu: "Wakijua siioni sindano, ni nani atakayenipa kofia yake?"

Wala hakuwa akipiga hodi. Mlango wa mbele wakati ule ulikuwa wazi tangu asubuhi mpaka magharibi, kama milango yote mtaani, na shangazi aliingia akiwa keshaanza kuzungumza tangu nje, hivyo nikimwona hadithi ilikuwa imefika katikati.

Sasa mume wangu akataka mlango wa waya nyumbani kwetu, ili mteja akija auone na aushike. Akautengeneza vizuri mno, wa mbao za mvule, na springi inayoufunga wenyewe kwa kishindo, na komeo kwa ndani. Mtaa ulikuja kuutazama. Waliosema twajitia tunduni kama kuku walisema. Jirani yangu akauliza, "Mwaogopa mbu, au mwatuogopa sisi?" Nilimjibu kwa mzaha, lakini nilijiona. Sitaficha. Nilijiona mtu aliyetangulia.

Mume wangu aliwaambia wateja kwamba uzuri wa waya si mbu peke yake. "Wewe uliye ndani wamwona wa nje. Yeye hakuoni." Nilitoka asubuhi moja nikasimama njiani nijaribu, na kweli, ndani palikuwa peusi, huoni hata kiti.

Siku ya kwanza shangazi kuukuta mlango ule umefungwa, aliupapasa kwa kiganja, kisha akapiga hodi. Nyumbani kwangu, yeye, akapiga hodi. Nilikwenda kumfungulia huku nikicheka.

Ndipo ikaja kazi ya Memsabu, bibi mmoja wa Kizungu wa jabalini. Alikuwa na madirisha sita mabovu, na binti yake alikuwa anakuja kwa meli siku ya Ijumaa na mtoto mchanga. Akasema yakiwa tayari kabla ya Ijumaa atatupeleka kwa wenzake wote wa pwani ile, na yasipokuwa tayari atamwita fundi wake wa ng'ambo. Mume wangu alifunga fremu usiku na mchana, na kuziba matundu kukawa juu yangu. Nilikaa ukumbini na leso yangu nyekundu, fremu magotini, nimeuacha wazi mlango wa uani ulio mgongoni kwangu ili nipate mwanga.

Shangazi hakuwa mtu wa kuingia na kutoka. Sindano kumi zilikuwa kazi ya muda mfupi, mazungumzo ndiyo yaliyofika magharibi. Na wiki ile alikuwa na kofia ya bwana arusi, mtoto wa watu wakubwa wa Kisauni, ya kuvaliwa Alhamisi. Nilijua. Alikuwa amenionyesha, imebaki upande mmoja.

Jumatatu nikasikia ndara zake. Nikamwona kupitia waya, anakuja na kitambaa chake mkononi. Akasimama. Akapiga hodi.

Nikanyamaza.

Nilijiambia nitamwitikia hodi ya pili, nimalize kwanza uzi huu. Akapiga ya pili. Desturi yetu ni hodi tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unarudi, wala hununi, kwa sababu mwenye nyumba hayupo. Kuwa ndani ukamwacha mtu amalize hodi tatu ni jambo ambalo sikupata kuona likifanywa nyumbani kwa shangazi, hata kwa mwendawazimu aliyekuwa akija kuomba maji. Nilibana pumzi. Mkono sikuusogeza, waya usilie. Nikajipa moyo kwamba haoni. Sindano iliyo mkononi mwake haioni, ataniona mimi gizani nyuma ya waya? Akapiga ya tatu, akangoja, akaenda zake.

Jumanne ilikuwa rahisi zaidi, na hilo ndilo linalonichoma. Niliendelea kubana pumzi, lakini moyo haukunidunda.

Jumatano alipomaliza hodi ya tatu, jirani yangu alikuwa akipita na ndoo, akamuuliza kwani wenyewe hawapo. Shangazi alikuwa amesimama uso kwa uso na waya. Akajibu, "Hawapo. Wametoka." Akamshika jirani mkono, wakaondoka pamoja wakizungumza mambo ya bei ya muhogo. Nami nikashukuru. Naandika neno hilo kwa mkono wangu: nilishukuru.

Madirisha sita yalikwisha Alhamisi adhuhuri. Mume wangu akayachukua kwa mkokoteni, na mimi nikaoga, nikavaa, nikaenda kwa shangazi kumtilia sindano. Nilikuwa nimetunga uongo njiani, kwamba nilishinda kwa wakwe.

Alikuwa ameketi barazani kwake, hana kazi mkononi. Nilikuwa ndio kwanza nafika kisimani, mbali, mtu na mtu hawatambuani vizuri, nikamsikia akimwambia kwa sauti kubwa mwanamke aliyekaa naye, "Mwanangu yule yuwaja. Mtazame, ametia na viatu."

Nilipofika nilimwamkia, nikabusu mkono wake. Nikauliza, kwa mzaha, "Shangazi, umeniona tangu kisimani?"

"Mbali naona," akasema. "Ya mbali yote naona. Ni sindano tu iliyonishinda."

Mimi nilikuwa kijana, sikujua kwamba macho ya uzee huanza kwa kukunyima kilicho karibu. Nikakumbuka mlango wa uani uliokuwa wazi nyuma yangu siku zote tatu. Mume wangu na mimi tuliojiita mafundi wa waya tulikuwa hatujui kwamba giza la ndani ndilo linalokuficha, na ukiwa na mwanga mgongoni unaonekana wazi kwa aliye nje.

Shangazi akanitazama. "Leso ile nyekundu yakupendeza," akasema. "Siku tatu nakuona nayo."

Mwanamke yule mwingine hakuelewa kitu. Uongo wangu ulinifia mdomoni.

Kofia ilikuwa imekwenda. Asubuhi ile aliibeba mwenyewe mpaka Kisauni, feri kwanza na daraja baadaye, akawarudishia wenye arusi ikiwa na upande mmoja mtupu, akawaambia kwa kinywa chake kwamba macho yamekwisha na asipewe nyingine. Bwana arusi alivaa ya kuazima. Haya nilikuja kuyasikia kwa watu. Kwake sikuyasikia.

Nilipotaka kuingia ndani kama nilivyozoea, niende jikoni nikatazame kilichomo chunguni, alinyoosha mkono akanizuia taratibu. Akamwita mtoto alete kiti. Akaletewa kikombe chenye kisahani, kile cha wageni, akanimiminia kahawa yeye mwenyewe. "Karibu," akasema. "Karibu, mgeni."

Nikamwambia shangazi, nipe sindano nikutilie uzi. Nilikuwa nalia. Akanipangusia uso kwa ncha ya leso yake, kwa huruma ya kweli wallahi, huruma ilikuwamo.

"Mgeni hafanyishwi kazi, mwanangu," akasema.

Memsabu alitimiza ahadi. Tulipata nyumba tisa pwani ile, na uhuru ulipokuja Wazungu wakaanza kuondoka, mume wangu alikuwa na mafundi wawili na wateja weusi na Wahindi wa kutosha. Hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia wajukuu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikwenda kwa shangazi siku ya pili, ya tatu, na ya kumi. Nilikwenda miaka. Nilipewa kiti kila mara, nikatiwa kahawa, nikaulizwa habari za mume na watoto, nikasindikizwa mpaka njiani. Jembe sikupewa. Jirani yangu Mgiriama ndiye aliyekuwa akiingia jikoni kwake na kutoka, akimkaripia kwa kutia chumvi nyingi, na shangazi akimrudishia.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulikuwa wanawake watano chumbani. Mmoja alitumwa maji, mmoja kukuna nazi, mmoja kumkanda miguu. Mimi nikashika taulo, nikalichovya, nikasogea kumpangusa. Akafumbua macho, akanitambua, akatabasamu, akawageukia wenzangu.

"Mpeni kiti," akasema. "Ametoka mbali."