Mtutu Uliokabili Mnara

Mafuta ya bunduki yana harufu nzito, na yakichanganyika na vumbi la shaba hukaa puani mpaka usingizi ukuchukue. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Kuze, mjini, kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Babangu alikuwa fundi wa vyuma. Wawindaji walimletea bunduki kuukuu, zilizoundwa bila darubini, naye akizichongea vishikio vya shaba vya kushikia darubini ya kulengea.

Alasiri moja alikuja mjomba Athumani, ndugu wa mama, kutoka ng'ambo ya feri. Kishikio cha darubini yake kilikuwa kimelegea, risasi ikaenda kombo, na sasa nyati aliyejeruhiwa alikuwa amejificha kando ya mashamba ya watu. Alfajiri ilimbidi amfuate kichakani. "Shemeji, nikikosa tena, mtanisalia jeneza," alimwambia baba huku akicheka. Mama aliingia ndani asisikie zaidi.

Mjini huwezi kujaribu bunduki kwa risasi. Baba aliibana kwenye jiliwa, kibanio chake cha chuma, juu ya paa letu la sakafu lililo bapa, akatoa komeo, kile chuma kisukumacho risasi, akanipa nilifunge kwenye pindo la leso yangu. Kisha alichungulia ndani ya mtutu mtupu atafute kitu cha mbali, ili airekebishe darubini ikione kitu hicho hicho. Alichokiona vizuri zaidi kilikuwa mwezi wa shaba juu ya mnara wa msikiti. Hakufikiri. Mwadhini, aliyekuwa amepanda kufagia, aliinua kichwa akaukuta mtutu umemkabili.

Ukelele wake uliujaza mtaa. "Fundi! Umeingiwa na wazimu?" "Ni tupu!" baba alijibu. "Mwenye macho haambiwi tazama!" mwadhini alipaza sauti. "Hiyo si bunduki?" Ngazi zetu zikanguruma kwa miguu, jirani mmoja alibeba mchi wa kinu, akiapa kuivunja darubini. Maalim wetu wa chuo cha Qur'ani ndiye aliyetangulia. Nililifungua pindo. "Maalim, komeo ni hili." Alilitazama, akachungulia mtutuni, akamgeukia baba.

"Nimekuamini, fundi. Lakini Mtume ametukataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Yule pale juu atajuaje kuwa ni tupu?"

Baba aliinama. "Kweli, Maalim. Lakini jua linatua, na huyu shemeji yangu anamwendea nyati alfajiri."

"Basi mbona mmesimama? Igeuzeni!"

Mwenye mchi aliuweka chini, akashika jiliwa upande mmoja. Waliielekeza bunduki kwenye kilele cha mnazi mkavu uliosimama peke yake ng'ambo ya maji. Baba alikaza skurubu ya mwisho nuru ikimponyoka, na mjomba akaondoka.

Alirudi mzima, alhamdulillahi. Fungu la kwanza la nyama ya nyati mama alilipeleka kwa mwadhini.

Leo bado naishi Kuze. Majuzi kamera irukayo ilikuja ikasimama mbele ya dirisha langu, ikivuma, ikinitazama nikiwa kwenye mswala. Nilingoja jirani apaze sauti. Hakuna aliyefungua mlango. Nikavaa buibui langu, nikashuka ngazi polepole na magoti haya, kwenda kumuuliza mwenye kamera anatafuta nini.