Neno Moja, Lori Zima la Magodoro

Pale kiwandani walimbandika jina la Mama Vitenzi, kwa sababu alikuwa akinyambua vitenzi vya Kifaransa hata mdomo ukiwa umejaa chakula. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wanaozungumza Kifaransa na kuandika oda za magodoro. Lugha hiyo aliisomea miaka mitatu, kila akitoka kazini, akafaulu vizuri.

Siku moja mwenye hoteli, mteja wa zamani, alipiga simu kuhusu yale magodoro membamba. Alizungumza mbiombio, maneno yakimezana, na mwishoni akasema, "J'en veux plus." Mama Vitenzi akatega sikio kuitafuta *ne*, ile ya kukanushia, ambayo darasani waliambiwa haikosekani. Haikuwepo. Basi mtu anataka zaidi. Akaandika, lori likapakiwa.

Kumbe mtu alisema hayataki tena! Aligoma kufungua geti, dereva akazozana naye, mvua ikawakuta palepale, na magodoro yakarudi yakichuruzika maji.

Meneja alimfokea mbele ya mafundi wote. "Cheti chako kile ni cha nini? Cha kufungia karanga?" Watu wakacheka. Akaondolewa kwenye simu, akapelekwa kwenye cherehani kushona vitambaa vya magodoro.

Hakulia. Alichemka. Jioni hiyohiyo akaenda darasani, akaingia bila hodi, wanafunzi wakimkodolea macho.

"Mwalimu, *j'en veux plus* maana yake nini?"

"Sentensi hiyo ina upungufu. Haipo."

"Ipo! Imelowa, iko stoo kwetu!"

"Tafadhali, mama. Hicho ni Kifaransa cha mitaani."

"Na wateja wangu wanaishi wapi, kwenye kitabu chako? Miaka yote umetufundisha kuongea na watu ambao hawapo!"

Akaubamiza mlango mpaka dirisha likatetemeka.

Wifi yake, msusi, alilelewa kwa mama yake mdogo, kwenye nyumba ya Kifaransa kitupu. Aliposimuliwa mkasa, alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Cheka. Ukimaliza, unifundishe," Mama Vitenzi akasema, meno ameyauma.

"Usinune, wifi. Hiyo *ne* watu hawana muda nayo. *Je ne sais pas*, yaani sijui, inakuwa *chais pas*. *Il n'y a pas*, hakuna, inabaki *y a pas*. Hata *tu as*, unayo, ni *t'as*, basi. Na *plus*, sikiliza mwisho wake. Ukisikia *s*, anataka zaidi. Usipoisikia, hataki tena."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

Hilo tu ndilo lililomchoma kuliko matusi ya meneja. Tangu hapo akawa anasukwa huku wifi akimsemesha kwa kasi, bila huruma. Akikosea, nywele zinavutwa.

Mwishowe meneja akamrudisha kwenye simu, maana aliyewekwa badala yake hata kusalimia kulimshinda. Radhi hakuomba. "Safari hii uwe makini," alisema.

"Safari hii kila oda nitamrudia mteja neno kwa neno, mpaka akubali mwenyewe."

"Utawakera."

"Wakereke. Na ukinifokea tena mbele za watu, simu utapokea wewe."

Meneja akatoka. Mama Vitenzi akavuta kiti, akaketi. Simu ilipolia, aliiacha iite kidogo kwanza, sauti yake itulie.